Uzi: Wanafunzi wangu walifaulu mtihani, lakini kile nilichoahidi kuwafundisha hawakukijua

ChakiNaTakwimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Nafundisha takwimu mwaka wa pili, chuo kikuu. Naandika kirefu kidogo kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni muhula mzima.

Muhtasari wa kozi yangu una matokeo matano ya ujifunzaji. La tatu linasema mwanafunzi akimaliza kozi ataweza kuchagua kipimo cha takwimu kinacholingana na swali la utafiti na aina ya data aliyonayo. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe, ikapita idarani, ikapita kwenye kitivo, ikagongwa muhuri. Mtihani wa mwisho ulipofika wengi walifaulu, tena vizuri. Nikawasilisha alama nikiwa na amani kabisa.

Mwaka uliofuata nikapangiwa kusimamia miradi ya utafiti ya wanafunzi walewale. Wa kwanza akaja na data zake: amepima shinikizo la damu la wagonjwa kabla ya kuanza dawa, akawapima tena baada ya wiki kadhaa. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa nitumie kipimo gani?" Nikamwambia aniambie yeye. Akafikiri, akataja kipimo cha t cha makundi mawili yasiyohusiana. Lakini wagonjwa ni walewale! Kila mmoja ana namba mbili zinazotoka kwenye mwili mmoja, yaani ni jozi, na ukizitenganisha unatupa taarifa muhimu kuliko zote ulizonazo. Wa pili alikuwa na majibu ya "ndiyo" na "hapana" kwenye kila safu, akawa anatafuta wastani wake. Wa tatu alipata A kwangu, naye akaniuliza swali lilelile la wa kwanza.

Nikatoa mtihani wangu kabatini nikausoma kana kwamba umetungwa na mtu mwingine. Swali la 2: "Kwa kutumia kipimo cha t cha jozi, onyesha kama..." Swali la 4: "Tumia kai mraba kuchunguza..." (hicho ni kipimo cha data za kuhesabu watu kwa makundi, kama ndiyo na hapana). Kila swali limemtajia mwanafunzi kipimo cha kutumia. Kazi ya kuchagua nimeifanya mimi kwenye meza yangu, wao nimewaachia kukokotoa. Tokeo la tatu, ambalo kwangu ndilo roho ya kozi nzima, sikuwahi kulipima hata kwa alama moja.

Basi nikachora jedwali. Mistari ni matokeo matano, safu ni maswali ya mtihani pamoja na kazi za muhula, na kila kisanduku nikaandika alama zilizopo. Ukokotoaji ulibeba alama 68 kati ya 100. Kutafsiri matokeo kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa kulipata alama 6. Kuchagua kipimo, sifuri. Ilinichukua chini ya saa moja kuchora, na nimefundisha kozi hii miaka sita bila kufanya hivyo.

Wazo lenyewe si geni. Ralph Tyler, mtaalamu wa elimu, aliandika mwaka 1949 kwamba uanze na lengo, halafu ujiulize ni uzoefu gani utamfikisha mwanafunzi pale, kisha utajuaje kwamba amefika. John Biggs, mtaalamu mwingine wa elimu, mwaka 1996 akalifunga vizuri zaidi kwa upande wa vyuo vikuu: tokeo, kazi ya darasani na upimaji viwe kitu kimoja, vyote vikimdai mwanafunzi tendo lilelile. Nilivisoma vyote. Nilidhani navifuata.

Ninachotaka kuwauliza wenzangu mnaofundisha, na wanafunzi pia: mnajuaje kwamba tokeo fulani, hilo moja mahususi, limefikiwa? Kwa sababu alama ya jumla haisemi. Mtu anaweza kupata 62 huku ana sifuri kwenye jambo ambalo mwajiri au mhadhiri wa mwaka unaofuata atadhani analijua.

---

MamaMaabara

Mwalimu, umenigusa pabaya. Nafundisha kemia ya vitendo. Tokeo letu linasema mwanafunzi ataweza "kupanga jaribio". Kitabu chetu cha maabara kinampa kila hatua: pima gramu kadhaa, pasha moto dakika kadhaa, chuja, kausha. Alama anapata akifika kwenye jibu linalokaribia letu. Hakuna aliyepanga chochote pale, ni kama kupika kwa kusomewa.

Leo usiku nachora hilo jedwali.

---

Mwaka3

Shikamoo walimu. Mimi ni mwanafunzi, naomba niseme upande wetu.

Wiki ya kwanza mnatusomea matokeo ya kozi. Tunaitikia, tunafunga karatasi. Wiki ya pili tunatafuta mitihani ya miaka iliyopita kwa waliotutangulia. Ile mitihani ndiyo muhtasari wetu wa kweli. Mwalimu akiandika "kuchanganua" lakini mitihani mitano mfululizo inauliza "taja" na "eleza", sisi tutakariri, na wala si uvivu. Una kozi sita, una siku chache, unaenda pale alama zilipo.

Nimewahi kuwa na kozi moja tu ambayo mitihani ya nyuma haikusaidia, kwa sababu kila mwaka mwalimu alileta tatizo ambalo hatujaliona na akaturuhusu kuingia na karatasi moja ya maelezo tuliyoandika wenyewe. Nililia baada ya jaribio la kwanza. Lakini ndiyo kozi pekee ya mwaka ule ambayo bado naikumbuka.

---

ChakiNaTakwimu

Marahaba mwanangu. Asante kwa kusema wazi. "Unaenda pale alama zilipo" nimeiandika ubaoni ofisini kwangu. Maana yake ni kwamba nikihamisha alama, nitakuwa nimehamisha masomo yenu ya usiku pia.

---

Darasa400

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini hebu tuongee hali halisi. Nina wanafunzi mia nne kwenye kozi moja na wasaidizi wawili. Mnazungumzia maswali ya kufikiri, ya kujieleza, kesi za utafiti. Nani atasahihisha? Nikiweka swali moja la insha ya kurasa mbili nina kurasa mia nane. Alama zinatakiwa wiki mbili baada ya mtihani. Ndiyo maana tunaishia kwenye maswali ya kuchagua jibu, na hayo yanapima kukariri. Hilo silifurahii, ila ndilo linalowezekana.

---

PimaTena

Mkuu Darasa400, mzigo wako naujua, nimeubeba. Nafanya kazi ya upimaji na nimekaa na mitihani ya aina hiyo miaka mingi. Nina mambo mawili ya kukuambia.

Kwanza, swali la kuchagua jibu halipimi kukariri kwa asili yake. Linapima kile ulichokiweka kwenye majibu yasiyo sahihi. Ukiweka majibu ya kijinga, mwanafunzi anayaondoa bila kujua somo. Ukiweka makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli, kila jibu lisilo sahihi linakuambia mtu amepotelea wapi. Mwaka 1992 Hestenes, Wells na Swackhamer walichapisha jaribio la dhana ya kani katika fizikia kwa mtindo huo. Hakuna hesabu ndani yake, ni maswali kama: lori zito likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma lingine kwa nguvu zaidi? Jibu ni kwamba nguvu ni sawa pande zote mbili, lakini karibu kila anayeanza fizikia husema lori. Na kosa hilo limewekwa pale kwa makusudi.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio hilo akidhani litakuwa rahisi mno kwao. Wanafunzi waliokuwa wakitatua mahesabu magumu wakakwama kwenye maswali ya dhana. Mmoja akamuuliza ajibu kama alivyofundishwa au kama yeye mwenyewe anavyofikiri mambo yanavyokwenda. Fikirieni mtu amefika chuo kikuu, anafaulu, na bado ana vichwa viwili, kimoja cha mtihani na kingine cha dunia.

Pili, unachanganya kazi mbili. Kumpima mwanafunzi ni kazi moja, kuipima kozi ni nyingine. Kumpa kila mtu alama yake ya haki lazima umsome kila mtu. Lakini kujua kama kozi yako inawafikisha watu kwenye tokeo la tatu, huhitaji karatasi mia nne. Chukua karatasi arobaini kwa bahati nasibu, zisome kwa makini kwa tokeo hilo moja tu, utaona picha. Kosa linalojirudia kwa nusu ya wale arobaini halijajificha kwa wengine.

---

Darasa400

Hilo la kutenganisha kazi mbili sikuwahi kulifikiria. Nimekuwa nikidhani kila upimaji lazima uishie kwenye alama ya mtu.

Nieleze basi: maswali ninayo tayari, kama mia mbili. Najuaje yapi ni mazuri?

---

PimaTena

Yahoji maswali kama unavyowahoji wanafunzi. Baada ya mtihani, kwa kila swali tafuta vitu viwili.

Ugumu: ni sehemu gani ya darasa ilipata. Swali lililopatwa na asilimia 97 halikuambii tofauti ya mtu na mtu. Linaweza kubaki ikiwa ni jambo ambalo lazima kila mmoja alijue, lakini ujue limebaki kwa sababu hiyo.

Kutofautisha: panga wanafunzi kwa alama ya jumla, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa darasa la watu mia, ni 27 na 27. Tuseme swali la 7 limepatwa na 20 wa kundi la juu na 9 wa kundi la chini. Ni 0.74 kutoa 0.33, unabaki na 0.41. Swali zuri sana hilo. Ukipata karibu na sifuri, swali halijui nani anajua na nani hajui.

Ukipata hasi, simamisha kila kitu. Ina maana wanaojua somo wanalikosa na wasiojua wanalipata. Niliwahi kukuta swali la namna hiyo kwenye kozi moja, tukafungua mwongozo wa kusahihishia: jibu lililowekwa kuwa sahihi lilikuwa limekosewa. Wanafunzi bora walikuwa wameadhibiwa kwa kujua. Mtihani ule ulikuwa umetumika mihula mitatu bila mtu kulalamika, kwa sababu wanafunzi hawakuwa wakionyeshwa karatasi zao. Nilisikitika sana siku ile, na bado nasikitika nikikumbuka.

Jedwali la kawaida la kompyuta linafanya hesabu hizi zote. Kwa maswali mia mbili ni kazi ya mchana mmoja.

---

WodiNaDarasa

Habari za humu. Naja kutoka kwenye mafunzo ya uuguzi, na kwetu swali la mwanzisha uzi lina uzito wa uhai wa mtu. Muuguzi anayejua kueleza namna ya kutoa dawa si lazima awe muuguzi anayejua kuitoa.

George Miller mwaka 1990 alichora piramidi ambayo sisi tunaishi nayo. Chini kabisa, mtu anajua. Juu yake, anajua namna. Juu zaidi, anaonyesha akiwa anatazamwa. Kileleni, anatenda kazini kila siku hata kama hakuna anayemwangalia. Mtihani wa kuandika unafika ngazi ya pili, haupandi zaidi ya hapo. Kwa hiyo unapoandika tokeo la ngazi ya tatu halafu ukalipima kwa karatasi, umepima kitu kingine ukakipa jina la hiki.

Kwa ngazi ya tatu tunatumia mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake Dundee, Uskoti, mwaka 1975. Mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo, kila kimoja dakika chache, kila kimoja tendo moja: hapa anapima shinikizo, pale anazungumza na mgonjwa wa kuigiza aliyepokea habari mbaya, kule anasoma chati ya dawa yenye kosa ndani yake. Kila kituo kina mtahini wake na orodha yake ya vigezo. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anapimwa na macho mengi, si jicho moja la mwalimu aliyeamka vibaya. Ubaya wake ni gharama na uchovu, maana kuandaa siku moja ya vituo kunakula wiki kadhaa.

Lakini siri ambayo watu wa fani nyingine wanaweza kuichukua bure ni hii: sisi hatukubali wastani ufiche. Kuna vituo ambavyo ukianguka, umeanguka, hata kama kwingine umepata mia. Aliyeshindwa kuhakiki jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa hatafidiwa na ufasaha wake kwenye anatomia. ChakiNaTakwimu, ukiamini kweli kwamba kuchagua kipimo ndiyo roho ya kozi yako, weka sharti kwamba mtu hafaulu kozi bila kufaulu hapo.

---

ChakiNaTakwimu

Dada WodiNaDarasa, hilo la mwisho limenikalisha kimya. Ninaogopa sharti kama hilo kwa sababu najua wangapi wangeanguka mwaka huu. Lakini ukiniuliza kwa nini ninaogopa, jibu linanirudia mimi, si wao.

---

MkuuWaIdara

Natoa mtazamo wa utawala, kwa nia njema. Tunapojiandaa kwa ithibati, yaani ukaguzi wa kuthibitisha ubora wa kozi, jalada la kila kozi lazima lionyeshe matokeo, ramani ya maswali na asilimia ya waliofikia. Nimepokea majalada yaliyojazwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi, kila tokeo limefikiwa kwa asilimia 80 na kitu. Nayajua, na wanaoyajaza wanajua kwamba nayajua. Inaniumiza kwa sababu zana nzuri inageuka karatasi.

Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo cha namba kinavyotumika kufanya maamuzi ya kijamii ndivyo kinavyozidi kushawishika kuchakachuliwa, na ndivyo kinavyoharibu kile kilichokusudiwa kukipima. Nilipoacha kuwauliza walimu "umefikia asilimia ngapi?" na kuanza kuwauliza "tokeo lipi limekusumbua zaidi mwaka huu, na umebadilisha nini?", mazungumzo yakawa mengine kabisa. Mwalimu anayeniletea asilimia 45 na maelezo ya kilichotokea ananisaidia kuliko anayeniletea 83 tupu. Lakini lazima ajue kwamba hiyo 45 haitatumika dhidi yake wakati wa kupandishwa cheo. Hilo ni jukumu letu sisi wenye vyeo, na mara nyingi hatulitimizi.

Na ninaomba tusiabudu orodha za vitenzi. Ngazi za Bloom za mwaka 1956, zinazopanga malengo ya kujifunza kuanzia kukumbuka na kupanda juu, na zile zilizorekebishwa na Anderson na Krathwohl mwaka 2001, zimetusaidia kuacha kuandika "kuelewa" na "kufahamu" ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Lakini kitenzi peke yake hakibebi ngazi. "Tathmini sera hii" ni swali la kukumbuka tu ikiwa tathmini hiyohiyo mwalimu aliitoa darasani na wanafunzi wameinakili.

---

Mwaka3

Naomba kuuliza, zile fomu tunazojaza mwisho wa muhula kuhusu mwalimu, si ndizo zinazoonyesha kama tumejifunza?

---

PimaTena

Swali zuri sana. Zinaonyesha mlivyojisikia, na hilo si dogo. Lakini kujisikia na kujifunza vinaweza kwenda pande tofauti. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti wa Harvard kwenye fizikia ya mwanzo. Maudhui yalikuwa yaleyale, kundi moja likapata mhadhara uliopangika vizuri, lingine likafanyishwa kazi ya kutatua kwa vikundi. Waliofanya kazi walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, ila wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Kuhangaika kulionekana kwao kama kutojua.

Wewe mwenyewe umesema ulilia baada ya jaribio la kwanza. Ungejaza fomu siku ile ungeandika nini?

Fomu ziwaulize mambo mnayoyaona kwa macho yenu: kazi zilirudishwa lini, maoni yalikusaidia kurekebisha nini, mtihani ulilingana na kozi au la. Hapo ninyi ndio mashahidi wakuu.

---

Mwaka3

Kweli. Siku ile ningempa moja kati ya tano.

---

MamaMaabara

Nimerudi. Jedwali nimechora na nimeumia kama mwenzangu, sitarudia yaliyosemwa. Nimekwama kwenye kusahihisha. Nimeandaa kazi ambapo mwanafunzi anapanga jaribio mwenyewe, kurasa mbili. Mimi na msaidizi wangu tulisahihisha karatasi kumi zilezile bila kuonana. Karatasi moja mimi nimeipa 14 kati ya 20, yeye 7. Tunawezaje kuwatendea haki wanafunzi namna hii?

---

PimaTena

Poleni, na hongereni kwa kujipima kabla ya kuwapima wao. Hamko peke yenu. Mwaka 1912 Starch na Elliott walituma karatasi mbili za Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari Marekani, wakarudishiwa majibu 142. Karatasi ileile moja ilipewa alama kuanzia 50 hadi 97.

Dawa si kuachana na maswali ya kujieleza. Chukueni hiyo karatasi ya 14 na 7, kaeni pamoja, kila mmoja aoneshe sentensi iliyomfanya atoe au akate alama. Nina hakika mtagundua kwamba mmoja anapima ubunifu wa mpango na mwingine anapima kama ungefanikiwa. Andikeni vigezo vinne au vitano, kila kimoja na ngazi nne, na kila ngazi ieleze kinachoonekana kwenye karatasi. "Mpango mzuri" hakisaidii. "Ametaja kitakachobadilishwa, kitakachopimwa, na angalau vitu viwili atakavyovishikilia visibadilike" kinasaidia. Kisha sahihisheni kumi nyingine. Mkikubaliana kwa kiasi kizuri, endeleeni. La sivyo, rudini mezani.

Na vigezo hivyo wapeni wanafunzi kabla, pamoja na karatasi mbili za mfano wazisahihishe wao wenyewe.

---

Darasa400

Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: programu za akili mnemba. Insha za nyumbani kwangu hazinipi tena ushahidi wa chochote. Zimenyooka mno. Nimejaribu hivi: kila mtu anawasilisha kazi, halafu nachagua thelathini kwa bahati nasibu, dakika tano kila mmoja, anaulizwa maswali mawili kuhusu alichoandika. "Kwa nini hapa ulichagua njia hii?" Wote wanajua wanaweza kuchaguliwa. Wengine walishindwa kueleza aya yao ya kwanza. Kuna kijana mmoja ambaye maandishi yake ni ya kuungaunga, lugha inamtesa, lakini alipofungua mdomo nilisikiliza dakika kumi na tano badala ya tano. Miaka yote ya nyuma ningempa C na kumsahau.

---

WodiNaDarasa

Hiyo dakika ya kumi na tano, mkuu, ndiyo kazi yetu.

---

PimaTena

Nina kitu kimoja zaidi kwa mwanzisha uzi, maana naona anajiandaa kubadilisha mtihani. Alama ya mwisho haikuambii kozi imeongeza nini, kwa sababu hujui walikuja na nini. Wape jaribio fupi lisilo na alama wiki ya kwanza, na lilelile au linalofanana nalo mwishoni. Ukitoka 40 ukafika 70, umepanda 30 kati ya 60 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.5. Richard Hake mwaka 1998 alitumia hesabu hiyo kwenye kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi 6,542. Kozi za mihadhara mitupu zilikuwa na wastani wa 0.23, zile ambazo wanafunzi walishirikishwa kikamilifu 0.48.

Na kama unaweza, pima tena miezi kadhaa baadaye. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Waliorudia kusoma walikuwa mbele baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliojijaribu kukumbuka bila kuangalia walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Mtihani uliofanywa siku ya pili baada ya kukesha unapima kukesha.

---

ChakiNaTakwimu

Wakuu, nimechelewa kurudi, muhula umeisha jana. Naleta nilichofanya.

Nilikata ukokotoaji ukabaki alama 30. Programu ya kompyuta inakokotoa vizuri kuliko sisi sote. Alama 40 nikazipeleka kwenye kuchagua na kutetea. Kila wiki, dakika kumi za mwanzo, nilileta hali moja ya utafiti bila jina la kipimo. Mwanafunzi anaandika chaguo lake na sentensi mbili za sababu, anabishana na jirani, anaandika tena. Hakuna alama. Wiki tatu za kwanza walinichukia, nasema kwa dhati, niliona kwenye nyuso. Mmoja aliniuliza kwa nini nisiwape tu orodha ya vipimo na lini kila kimoja hutumika. Orodha nilikuwa nikiwapa miaka sita yote.

Mtihani ulikuwa na hali nne za utafiti. Mojawapo makusudi haikuwa na kipimo chochote kinachofaa, kwa sababu mtafiti alikuwa amekusanya watu wa upande mmoja tu, hana wa kulinganisha nao. Jibu sahihi lilikuwa kumwambia mtafiti arudi akakusanye tena. Jaribio la wiki ya kwanza na la mwisho nimelinganisha: darasa limepanda 0.41 kwa hesabu ya Hake. Sina la mwaka jana la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kudai ni kwa sababu ya mabadiliko haya. Sharti la WodiNaDarasa nimeliweka kwa namna ya kuanzia: aliyeanguka kwenye tokeo la tatu anarudi kuongea nami kwa mdomo kabla alama haijafungwa. Wako kumi na mmoja, naanza nao kesho.

Waliofaulu jumla wamepungua kuliko mwaka jana. MkuuWaIdara, natamani ungekuwa mkuu wangu, kwa maana wangu ameniita ofisini. Nitaenda na jedwali.

Kwenye ile hali isiyo na kipimo, wengi walilazimisha kipimo fulani. Lakini kuna msichana mmoja, anakaa nyuma, sijawahi kumsikia akiongea darasani. Ameandika: "Siwezi kumsaidia mtafiti huyu kwa data hizi. Nisipomwambia sasa atapoteza mwaka mzima." Halafu akamchorea jinsi ya kukusanya upya.

---

MkuuWaIdara

Mkuu, peleka pia hiyo karatasi.

---

Mwaka3

Mwalimu, hizo hali za utafiti za kila wiki unaweza kuziweka hapa? Nina mradi muhula ujao na nimegundua sijui kuchagua.

---

ChakiNaTakwimu

Naziweka leo jioni, zote kumi na nne. Ya kwanza hii hapa, anza nayo sasa usingoje: mtafiti amepima usingizi wa wanafunzi 50 kwa saa, usiku kabla ya mtihani na usiku wa kawaida. Usiniambie kipimo kwanza. Niambie una watu wangapi, na kila mtu ana namba ngapi.